Tawi Lisilo na Kunguru

Msufi uliokuwa nyuma ya nyumba ya Mwajabu, kule Temeke, ulijaa kunguru matawi yote isipokuwa moja. Lilikuwa tawi la chini, nene, limenyooka kuelekea dirisha la chumba cha uani, na kwa macho ya mtu halikuwa na kasoro yoyote. Jioni kunguru waliporudi kulala waligombania nafasi mpaka manyoya yakadondoka, na waliokosa walikwenda kujibanza juu ya paa, lakini tawi lile hakuna aliyelitaka. Walilizunguka, wakalipigia kelele huku wameinamisha vichwa kulitazama, kisha wakaenda zao.

Felicitas aliliona jambo hilo tangu siku za mwanzo, ila hakulitilia maanani. Dirisha lile lilikuwa la chumba chake, na kwa akili yake kelele zote zile alikuwa akipigiwa yeye.

Wapo watu wanaoogopa nyoka, wapo wanaoogopa mama mkwe, na wapo majabali ya wanaume wanaoogopa mjusi. Felicitas aliogopa ndege. Alipokuwa mtoto, kwao Kamachumu, katika nchi ya Wahaya, mwewe alimshukia akiwa amebeba nyama kichwani. Nyama ikaenda na mwewe, na kovu likabaki katikati ya nywele. Tangu hapo hata kuku akipita nyuma yake ghafla, mwili ulimsisimka. Kule kwao aliweza kuishi hivyo hivyo, kwa kuwa ndege wa migombani ni wadogo na wana haya. Lakini mumewe, Gaspar, aliyesomeshwa na mapadre akajua kupiga taipu, alipata ukarani Dar es Salaam, na mke humfuata mume. Wakapanda meli, wakapanda gari moshi, wakafika pwani hii ambako Waswahili husema kama wanaimba na kunguru humnyang'anya mtu mzima tonge mkononi, tena humtazama usoni.

Angevumilia yote hayo kwa ajili ya mtoto. Theonest alikuwa hajaanza kutambaa. Kabla yake Felicitas alikuwa amezaa mara mbili, na mara zote mbili alizika. Makaburi yenyewe, madogo, aliyaacha nyuma ya migomba ya wakwe zake. Huyu wa tatu ndiye aliyekubali kubaki. Hakuna kitu duniani alichokitamani kuliko kumwona mtoto huyu akisimama kwa miguu yake, na kila kunguru aliyetua dirishani alimwona ni mwewe aliyekuja kumchukua.

"Naona umejifungia tena kama mwari," Mwajabu alimwambia asubuhi moja. Alikuwa Mzaramo, mjane, mwenye nyumba na mwenye maneno. Kila siku alimwaga makoko ya ugali chini ya msufi, na kunguru wakashuka kumzunguka miguuni.

"Shikamoo, mama. Ni hawa ndege. Kwa nini hamuwafukuzi? Kwetu wangeshapigwa manati wote."

Mwajabu akaweka kidole mdomoni. "Usiseme hivyo chini ya mti. Kunguru hawa mie nimewakuta, na mama yangu kawakuta. Wakipiga kelele, mie nalala usingizi wangu. Siku wakinyamaza ndiyo utaniona natoka na mkeka wangu."

"Wakinyamaza kuna nini?"

"Mengine hayatajwi, mwanangu. Ukilitaja umeliita." Akakung'uta sufuria, kisha akasogea karibu na kushusha sauti. "Na jingine. Mtu akija kubisha hodi jua la utosi, usiitikie ya kwanza. Wala ya pili. Mwanadamu atabisha ya tatu."

Felicitas aliitikia kwa adabu, lakini moyoni alicheka. Watu wa pwani na mambo yao! Kwao, kumwacha mgeni juani na wewe umekaa kivulini ni aibu inayosimuliwa mpaka kwa wajukuu. Mgeni wa Wahaya hukaribishwa, huketishwa, halafu huletewa kikapu kidogo cha kahawa. Si kahawa ya kunywa hiyo. Ni matunda yaliyochemshwa na majani ya kunukia, yakakaushwa na maganda yake, na mgeni huyatafuna taratibu huku mazungumzo yakiendelea. Felicitas alikuja na kikapu chake kutoka nyumbani, amekipakata safari nzima. Alipokifungua na harufu ile ikamjia, alijiona yuko kwao, japo kwa kitambo.

Siku yenyewe Mwajabu alikuwa amekwenda Mbagala kwenye arobaini ya ndugu yake, na Gaspar yuko kazini. Jua lilikuwa limesimama utosini. Felicitas alikuwa uani akiparua samaki, jicho moja kwenye beseni na jingine mtini, na pamoja na uangalifu wote huo kunguru alishuka nyuma yake, akatua ukingoni mwa beseni na kumkamata samaki mkia. Kwa mara ya kwanza maishani Felicitas hakukimbia, maana kile kilikuwa kitoweo cha mumewe. Alivuta. Kunguru naye alivuta, kisha akaachia samaki na kumdonoa kidole mpaka damu ikachuruzika.

Akakaa chini akalia. Alilia kwa kidole, akalia kwa ugeni na kwa yale makaburi mawili, na katikati ya kilio akasema kwa Kihaya, kwa sauti, kama mtu asemavyo akiwa peke yake: "Atakayeniondolea ndege hawa, huyo ni ndugu yangu wa tumbo moja."

"Hodi," ikasema sauti mlangoni.

"Karibu!" akajibu, kabla hata hajafuta machozi.

Aliingia mwanamke mrefu aliyejitanda kanga nyeupe isiyo na maandishi. Palepale kunguru wote wa msufi waliruka kwa pamoja, wakapiga kelele ambazo Felicitas hakuwahi kuzisikia, wakawa wanashuka mpaka karibu na kichwa cha mgeni na kupanda tena. Mgeni hakuinua hata uso. Alimwamkia Felicitas kwa Kihaya, Kihaya cha Kamachumu kabisa, na Felicitas alifurahi mpaka akasahau kidole.

"Dada, umekijulia wapi Kihaya?"

"Nakaa karibu na dirisha lako," mgeni akasema. "Nakusikia ukimwimbia mtoto."

Felicitas alidhani ni jirani. Akamketisha mkekani ndani, mlango akaufunga kwa ajili ya ndege, akakimbilia kikapu. Mgeni alinukia udi, na chini ya udi ilikuwapo harufu nyingine, ya kuku aliyetiwa maji ya moto kabla ya kunyonyolewa. Felicitas aliisikia harufu hiyo na kuona haya kwa niaba ya mgeni. Akachota kahawa kwa mkono uleule uliojeruhiwa, na tunda moja likaloa damu. Alitaka kulitupa. Mgeni aliwahi kulichukua.

Hapa ndipo msichana aliyelelewa na bibi yake angestuka. Tunda la kahawa lina punje mbili ndani ya ganda moja, na Wahaya wa zamani walipotaka kufanya udugu wa kuchanjiana walilipaka tunda damu, wakalipasua, kila mmoja akameza punje yake. Waliomeza hivyo hawanyimani kitu. Hawafukuzani nyumbani, wala mmoja hamzuilii mwenzake mtoto wake. Mapadre waliyakataza mambo hayo, na Felicitas alikua akiyasikia kama hadithi za wazee. Mgeni alilipasua ganda kwa ukucha, akazifikicha punje kiganjani mwake, moja akaimeza bila kutafuna, ya pili akamnyooshea mwenyeji wake. Ingekuwa utovu wa adabu kuikataa. Felicitas akaitia mdomoni. Ilikuwa na chumvi. Ikateleza kooni yenyewe.

"Umesema ndugu," mgeni akasema.

"Nimesema," Felicitas akajibu huku akicheka kidogo, asijue anacheka nini.

"Basi kesho hutawasikia."

Na kweli, asubuhi msufi ulikuwa mtupu. Hapakuwa na kunguru hata mmoja kutoka juu mpaka chini, na ua mzima ulikuwa kimya. Felicitas alianika nguo akiimba. Alimtandikia mtoto mkeka nje, akala chakula chake cha mchana juani kwa raha zake zote, na Gaspar aliporudi alimkuta mkewe anacheka peke yake kama siku walizochumbiana.

Mwajabu alirudi kutoka Mbagala alasiri ya siku ya pili. Alisimama penye uwazi wa ua, akatazama juu, na furushi likamponyoka.

"Nani kaunyamazisha mti?"

"Kuna dada alikuja, mama..."

"Alibisha hodi ngapi?"

"Moja," Felicitas akasema. Mwajabu hakuuliza tena. Jioni ile alilala kwa bintiye mtaa wa pili, na mkeka aliondoka nao kweli.

Tangu siku hiyo mgeni alikuja kila adhuhuri, na hakubisha tena hodi. Alikuwa amekwisha kuwa ndani Felicitas anapogeuka. Gaspar hakuwahi kumwona. Alichokisikia yeye, Jumapili waliporudi kutoka misa, ni mlio juu ya boriti za chumba: ganda kavu likipasuka, kimya, jingine likipasuka, kama mtu amekaa kule anatafuna kahawa bila haraka. Akasema ni panya. Usiku huohuo, bila kumwambia mkewe, alinyunyiza maji ya baraka pembe zote, akavaa rozari shingoni. Harufu ya kuku wa maji ya moto ikapungua kidogo, halafu ikarudi na nguvu zaidi.

Theonest aliacha kulia. Mwanzoni mama yake alishukuru. Kisha mtoto akaacha ziwa pia, akalala chali mchana kutwa akiitazama ile boriti, akikonda mikono na miguu huku tumbo likijaa. Felicitas alijua dalili. Alikuwa amezitazama mara mbili. Adhuhuri moja alitoka kuchota maji, akaijaza ndoo nusu tu kwa sababu moyo ulimpiga, akarudi mbio maji yakimmwagikia miguuni, akausukuma mlango, na akamkuta mgeni ameinama juu ya kitanda, shingo yake ndefu imejikunja kwa namna ambayo shingo ya mtu haijikunji, mashavu yamemjaa kitu alichokuwa akikitafuna, na Theonest amemwinulia uso, amepanua mdomo mpaka pembe za midomo zimekuwa nyeupe, anatikisa kichwa, anasubiri, na mgeni akaushusha mdomo wake ndani ya mdomo wa mtoto akamlisha, mdomo kwa mdomo, kama ndege anavyomlisha kinda lake.

"Mwache!" Felicitas alitaka kupiga kelele, ila sauti ilitoka kama mnong'ono.

Mgeni aligeuka akajifuta. "Hujanisalimu, ndugu yangu," akasema.

Ndipo Gaspar, karani, msomi, mtu wa misa kila Jumapili, alipokwenda mwenyewe kwa bintiye Mwajabu akapiga magoti uani. Mwajabu akamleta mganga wa kike kutoka Mtoni, Bi Chausiku, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alifukiza ubani, akaita, akauliza kwa heshima kama inavyoulizwa: nani wewe, watoka wapi, wataka nini, tukupe uondoke. Jibu lilitoka kinywani mwa Felicitas, na haikuwa sauti yake.

"Sitaki kitu. Mie nyumbani kwangu hapa. Nimekaribishwa, nimekula."

"Umekula nini?"

"Mwulize ndugu yangu."

Felicitas alipozinduka aliulizwa, akasimulia yote: kidole, kahawa, ganda lililopasuliwa. Bi Chausiku alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua maji akayamwaga kwenye chetezo, makaa yakazima.

"Jini aliyempanda mtu namteremsha," akasema. "Ndugu wa kuchanjiana simuwezi. Mganga gani atamtoa ndugu kwenye nyumba ya nduguye?"

"Mama, nisaidie," Felicitas akasema. "Nimeshazika wawili."

Bi Chausiku alimtazama kwa huruma, na ilikuwa huruma ya kweli. "Yule miaka yote alikuwa kwenye lile tawi. Kunguru ndio waliokuwa wakimkalia macho asishuke. Wewe uliwafukuza kwa kinywa chako, basi uwaite kwa mkono wako. Fungua dirisha saa yake ileile. Shika samaki, mtoto awe kitandani. Wakiingia, usiwaguse. Wafanye watakalofanya. Watakachokichukua, waachie wakichukue. Wao wataweza kukitoa alichokitia ndani ya mtoto."

"Waingie ndani? Tulipo mimi na mwanangu?"

"Ndani, mwanangu. Hakuna njia nyingine."

Kesho yake, adhuhuri, Felicitas alifungua dirisha. Gaspar na Mwajabu walisubiri ukumbini pamoja na Bi Chausiku, kwa kuwa kunguru hawangeingia penye watu wengi. Alisimama na samaki mkononi, mkono umenyooshwa nje, jasho likimtoka mpaka kwenye kope, na aliita kama alivyomsikia Mwajabu akiita. Aliita muda mrefu. Nyuma yake harufu ilizidi, na ganda likapasuka juu ya boriti. Hatimaye doa jeusi lilitokea upande wa Keko, likakua, likawa na mabawa, na kunguru mmoja akatua ukingoni mwa dirisha. Wengine walimfuata wakajipanga juu ya bati, akasikia kucha zao.

Yule wa dirishani hakumtaka samaki. Alimtazama Felicitas kwa jicho moja, akageuza kichwa akamtazama kwa la pili, akaruka ndani. Bawa lilimpita Felicitas shavuni. Alibana meno, akajiambia ni kwa Theonest, ni kwa Theonest, akasimama pale wakati ndege alipotua kitandani na kurukaruka juu ya shuka, akapita magotini mwa mtoto, akapita tumboni, akafika kifuani, na Theonest, aliyekuwa hajasogea tangu asubuhi, aliinua uso akapanua mdomo kwa namna ileile, na kunguru akainama akatia mdomo wake mweusi wote ndani, mpaka kooni, na mtoto akakwama pumzi, miguu ikarusha shuka, na Felicitas akaona nyama, akaona kichwa cha mtoto wa Kamachumu na mwewe anashuka, na mkono wake ukashika mchi wa kinu uliokuwa ukutani kabla yeye mwenyewe hajajua.

Pigo lilikuwa moja tu. Kunguru alianguka sakafuni bila kupapatika.

Juu ya bati palikuwa na kishindo kimoja cha mabawa. Walipita juu ya ua kuelekea baharini, kimya, na hakuna kunguru aliyeonekana tena kwenye msufi ule.

Waliokuwa ukumbini waliingia. Bi Chausiku aliokota ndege aliyekufa, akaufungua mdomo wake kwa vidole. Ndani mlikuwa na punje ya kahawa, imeloa damu na ute wa mtoto, imeshatoka kooni mwa mtoto ila haijavuka dirisha. Aliiweka kiganjani mwa Felicitas, akajitanda kanga yake, akatoka. Mwajabu alilia.

Gaspar aliomba ruhusa kazini. Alikuwa na matumaini ya mwanamume asiyejua afanye nini: kwamba jini la pwani litabaki pwani. Walifunga mizigo, wakapanda gari moshi, wakapanda meli. Njiani Theonest alinyonya kidogo, na Felicitas akathubutu kusali. Waliposhuka Bukoba na kupanda mpaka Kamachumu, kulikuwa na umande migombani na harufu ya moshi wa nyumbani, naye akahisi kifua kinamfunguka. Alitembea hatua nyingi kabla hajatambua kwa nini haogopi kitu. Mbele yao, kando ya njia, ndege walikuwa wakiimba, na kila walipokaribia walinyamaza.

Mama mkwe wake, Demetria, aliwapokea kwa vigelegele. Aliwaketisha juu ya nyasi mpya, akambusu mjukuu, akasema amekonda lakini ndizi zitamrudisha. Kisha akaleta kikapu. Alimpa Gaspar kahawa, akampa Felicitas, halafu akachota tena na kuunyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Na huyu mwenzenu mbona amesimama juani?"

"Mama, usi..." Felicitas akaanza.

"Felicitas, nani kakufundisha tabia hiyo huko pwani?" Demetria akasema kwa ukali wa mzazi. "Mgeni haachwi mlangoni kwangu. Karibu, mwanangu. Karibu ndani."

Mgongoni mwa mama yake, Theonest aligeuza kichwa akatazama mlangoni. Aliinua uso, akapanua mdomo, akasubiri.